Nani Atamsemea Willy Gamba? Riwaya Pendwa na Safari Yake Kuelekea Sinema

Kuna kauli isiyochoka kurudiwa popote wanapokutana wasomaji: kwamba kitabu siku zote ni bora kuliko filamu yake. Nimeisikia kwa walimu wenzangu, kwa washairi, na hata kwa watu ambao kitabu chenyewe hawajakifungua. Sikusudii kuipinga wala kuiunga mkono. Naiona tu kuwa ni kauli ya watu wenye bahati, kwa sababu ili mtu alinganishe kitabu na filamu yake, sharti viwepo vyote viwili. Sisi wa Kiswahili kwa miaka mingi tulikuwa na vitabu visivyo na filamu, kisha tukapata filamu zisizo na vitabu. Baina ya zama hizo mbili alisimama mtu mmoja gizani na kipaza sauti mkononi, na watu wa fasihi hatujampa nafasi anayostahili.

Nitajaribu kuisimulia historia hiyo kwa ufupi, kwa kuwa ina funzo kwa yeyote anayetamani kuiona riwaya aipendayo ikigeuzwa picha. Hoja yangu ni hii: uhai wa riwaya pendwa ya Kiswahili, yaani riwaya ya upelelezi, ya ujasusi na ya mikasa, haumo katika matukio yake. Umo katika sauti ya anayesimulia. Anayetaka kuifanya filamu lazima kwanza aamue sauti hiyo ataiweka wapi.

Sauti kando ya picha

Katika nchi yetu picha za sinema hazikuja peke yake. Ziliandamana na msemaji. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, waliendesha mradi wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika: za kilimo, za afya, za kuweka akiba. Picha zilipigwa bila maneno. Maelezo yaliwekwa kwenye santuri au yalisemwa na mtu kwa kipaza sauti, kwa lugha ya mahali ilipofika lori la maonyesho. Makusudi ya mradi ule yalikuwa ya kikoloni, na filamu zenyewe zilimwona Mwafrika kama mtoto wa kuonywa. Hata hivyo watazamaji wake wengi walijifunza jambo ambalo halikukusudiwa: kwamba picha ni kitu cha kutazama huku mtu akikuhadithia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja filamu za Kiswahili zenye hadithi kamili, kama Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi, ambamo kijana Rashidi Kawawa aliigiza miaka mingi kabla ya kuwa Waziri Mkuu. Lakini mjini Dar es Salaam sinema iliyotawala ilitoka ng'ambo. Majumba ya Avalon, Empire, Empress na Odeon yalionyesha picha za Kihindi, za kauboi na baadaye za kung fu. Watu wasiojua neno la Kihindi waliimba nyimbo za Raj Kapoor tangu picha yake ya Awara ya mwaka 1951. Aliyeelewa alimnong'oneza asiyeelewa, na safu nzima ikafaidika.

Sisi tuliosoma sekondari katika miaka ya 1970 tulikuwa na desturi yetu. Wanafunzi kumi tulichanga senti zetu, tukamtuma mmoja mwenye kumbukumbu nzuri na ulimi mwepesi. Kesho yake, chini ya mwembe, alituhadithia picha nzima: stelingi alivyoingia, adui alivyojificha, ngumi zilivyolia. Bruce Lee nilimjua kwa masikio kabla ya kumwona kwa macho. Na niseme kweli, yule wa chini ya mwembe alikuwa hodari zaidi, kwa kuwa msimuliaji wetu hakuwahi kumwacha akatoka kwenye pigano bila kusema neno la kukumbukwa.

Riwaya zilizoiga sinema

Wakati huohuo vitabu vilikuwa vikizaliwa. Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958 lililoendeshwa na Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki, na mwaka 1960 Mzimu wa Watu wa Kale ukachapishwa. Hapo tukampata Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, pamoja na mwandani wake Najum. Kila msomaji wa Conan Doyle alikitambua kiko hicho kimetoka London. Lakini namna Bwana Msa anavyofumbua mambo haikutoka London. Huyafumbua kwa mazungumzo, kwa kulipima neno la mtu na kulirudisha kwake, kama mzee anayetegua kitendawili barazani. Vikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974 na vingine.

Bara nako kukachemka. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Eddie Ganzel alitoa Ndoto ya Mwendawazimu mwaka 1972. Mwaka 1974 Elvis Musiba akatuletea Kufa na Kupona, na ndani yake Willy Gamba, jasusi wa Tanzania. Ben Mtobwa akafuata na Joram Kiango, aliyefika kilele katika Tutarudi na Roho Zetu? mwaka 1987. Vijana wa Temeke, Magomeni na Kinondoni waliviazima vitabu hivi hadi vikapoteza majalada. Pembeni yake lilikuwepo gazeti la African Film lenye hadithi za picha za Lance Spearman, mpelelezi wa kofia na tai: sinema ya karatasi kwa asiye na nauli ya kwenda mjini.

Riwaya hizi ziliiga sinema waziwazi. Willy Gamba ana damu ya James Bond, na James Bond tulimfahamu kwa picha kuliko kwa vitabu vya Ian Fleming. Mkato wa sura, mlango unaofunguliwa ghafla, gari linalofuatwa na gari jingine, yote ni mambo ya skrini. Tofauti ni kwamba Bond aliilinda himaya iliyokuwa ikizeeka, ilhali Willy alizilinda harakati za ukombozi. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake hapa Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na Musiba aliliona hilo kuwa ghala la visa. Kwa msomaji wa wakati ule, adui wa Willy hakuwa wa kubuni. Sauti yake ilisikika redioni.

Tungetarajia basi kwamba riwaya zilizozaliwa na sinema zingerudi kwa mama yao. Hazikurudi. Shirika la Filamu Tanzania lilianzishwa mwaka 1968, lakini filamu wakati ule ilikuwa mali ya gharama kubwa: mkanda wenyewe uliagizwa kwa fedha za kigeni, na kazi ya kuusafisha ilitegemea ng'ambo. Nchi ilipokuwa na fedha ya filamu moja, iliitumia kwa filamu ya ujenzi wa taifa. Fimbo ya Mnyonge ilieleza ujamaa. Haikuwa na nafasi ya jasusi anayevuta sigara katika baa ya Nairobi. Nasi watu wa elimu tuliongeza kufuli yetu. Vyuoni tulifundishwa kutenganisha riwaya dhati na riwaya pendwa, na mwalimu aliyeingia darasani na Musiba mkononi alitazamwa kama aliyeingia na chupa.

Kibanda umiza

Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwaka 1974, sisi tukaingoja hadi 1994. Pengo hilo lilizibwa na video. Kuanzia miaka ya 1980 deki zilianza kuingia mitaani, na miaka ya 1990 kila mtaa wa Tandika, Keko, Manzese na Mwananyamala ulikuwa na banda lake: mabenchi, televisheni moja, pazia jeusi na joto la kukausha samaki. Vijana waliliita kibanda umiza, na jina lilistahili.

Ndani ya vibanda hivyo ndipo alipotokea mtafsiri. Aliyevuma kuliko wote ni Derek Mukandala, ambaye umma ulimjua kwa jina la Lufufu. Alichukua picha za Kichina, za Kihindi, za Kimarekani na baadaye za Kinaijeria, akaziwekea Kiswahili chake. Mwanzoni kazi hii ilifanywa papo hapo mbele ya watu. Baadaye sauti ikarekodiwa kwenye kanda, na kanda zikauzwa hadi mikoani. Watu hawakuuliza jina la picha. Waliuliza kama ya Lufufu ipo.

Neno "kutafsiri" ni finyu kwa kazi ile. Mtafsiri wa maneno angesema alichosema mwigizaji basi. Hawa walifanya zaidi. Walimtambulisha mhusika kabla hajajitambulisha, wakamwonya stelingi, wakamzomea adui, wakampa mzee wa Kichina jina la mtaani na busara ya methali. Hong Kong ikawa na Manzese yake. Penye ukimya wa muda mrefu walitia maneno, kwa sababu katika mapokeo yetu mtambaji akinyamaza hadhira hudhani amesahau. Kwa kifupi, walirudisha msimulizi mahali ambapo sinema ilikuwa imemfukuza.

Jambo hili halikuwa letu peke yetu. Wajapani, enzi za filamu zisizo na sauti, walikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, waliosimama kando ya pazia na kuvuta watu kuliko waigizaji. Kaka yake Akira Kurosawa alikuwa mmoja wao. Sinema ya sauti ilipokuja, kazi hiyo ikafa. Jirani zetu wa Uganda wamekwenda njia nyingine: filamu ya Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa Wakaliga mwaka 2010 na Nabwana, inafahamika duniani ikiwa na sauti ya msimulizi wake VJ Emmie, anayecheka, kushangilia na kuwasifu wapiganaji. Pale msimulizi ni sehemu ya filamu.

Najua lawama zake. Picha zile zilinakiliwa bila ruhusa ya wenyewe, na lugha iliyotumika ilikuwa na matusi ambayo mzazi asingependa yafike mezani. Nilikuwa mwalimu, niliwafuata watoro hadi mlangoni mwa mabanda hayo zaidi ya mara moja. Lakini nilipowasikiliza watoro hao wakisimuliana, nilisikia takriri, tashihisi, mbinu za kuchelewesha siri, vitu ambavyo darasani walivikariri kama majina ya dawa. Pale walivitumia.

Filamu bila vitabu

Kamera nyepesi za video ziliposhuka bei, filamu za Kiswahili zikamiminika. Girlfriend ya mwaka 2003 ilionyesha kwamba filamu ya vijana wa hapa inaweza kujaza watu. Mussa Banzi alituletea picha za kutisha, Nsyuka na kisha Shumileta, zenye mizimu na majini ya kwetu. Kariakoo ikawa soko la usambazaji, na Steven Kanumba akawa nyota wa nchi nzima. Alipofariki Aprili mwaka 2012, umati uliomsindikiza hadi makaburi ya Kinondoni ulionyesha wazi kwamba taifa lilikuwa limepata sinema yake.

Zile za kutisha naziheshimu kuliko wengi wa rika langu. Zilichota katika kisima chetu: ngano, uvumi wa usiku, hofu ambayo kila mtoto wa Mbagala anaijua kabla hajajua kusoma. Hofu ya namna hiyo hukaa katika masimulizi ya mdomo, na ilihama kutoka mdomoni kwenda kwenye kioo bila kupitia maktaba. Picha za mapenzi na za mapigano, kwa upande mwingine, zilichota Lagos, Mumbai na Marekani, na mara nyingi hata majina yake hayakuwa ya Kiswahili. Kanumba mwenyewe aliigiza katika Oprah, Uncle JJ, This Is It na Fake Pastors, na ndani yake watu wanasema Kiswahili. Sababu ya kibiashara inaeleweka, lakini mpenzi wa lugha anaona mlango umewekwa kibao cha mgeni.

Riwaya za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa zimekwisha kutoweka madukani filamu hizi zilipoanza. Waandishi wa filamu walizaliwa wakati Kufa na Kupona haipatikani. Mtobwa alifariki mwaka 2008, Musiba mwaka 2010, katikati ya kilele cha sinema ya Bongo. Waandishi wetu wakuu wa mikasa waliishi mji mmoja na watengenezaji wetu wakuu wa mikasa, na hadi leo sijamwona Willy Gamba kiooni, wala Bwana Msa na kiko chake.

Vuta N'kuvute

Kisha ikaja riwaya ya Adam Shafi. Vuta N'kuvute ilichapishwa mwaka 1999, na imesomwa na vizazi vya wanafunzi. Amil Shivji aliifanya filamu ya jina hilohilo, ikaonyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto Septemba mwaka 2021, na mwaka 2022 Tanzania ikaipeleka kushindania Oscar. Mwezi mmoja baada ya Toronto, Abdulrazak Gurnah alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kwa Zanzibar ya maandishi ulikuwa msimu wa mavuno.

Nilikwenda kuitazama nikiwa na kitabu kichwani, jambo ambalo ni kasoro kwa mtazamaji. Hadithi mnaijua: Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa Bwana Raza aliyemzidi umri kwa mbali, anatoroka, anapata udugu kwa Mwajuma na mapenzi kwa Denge, mwanaharakati anayeusumbua utawala wa Mwingereza katika miaka ya 1950. Kitabu ni kipana. Kinavuka bahari hadi Mombasa, kinaingia katika nyumba nyingi, na msimulizi wake anamjua kila mtu: anamcheka polisi, anamhurumia hata asiyestahili. Filamu ya saa moja na nusu haiwezi kubeba mzigo huo, nayo haikujaribu. Ilichagua nyuso, kuta za mawe, mwanga wa taa na ukimya. Sauti ya msimulizi imepungua. Mahali pake imeingia taarabu. Hapo ndipo nilipoiheshimu, kwani Mwajuma anaigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji, na mwimbaji anaposimama kuimba, msimulizi amerudi kwa mlango mwingine. Taarabu husema kwa mafumbo kile ambacho wahusika hawathubutu kutamka. Mtengenezaji aliona kwamba akimwondoa mwenye kusema, lazima amweke mwenye kuimba.

Wapo walionung'unika kwamba sura fulani haimo, kwamba Denge wao hakuwa vile. Manung'uniko hayo nayaelewa, ila kipimo changu ni kingine: je, lugha imebaki na kazi? Katika filamu ile imebaki. Kiswahili cha Unguja kinasikika kikiwa na uzito wake, hakikuvuliwa nguo ili kieleweke haraka kwa mgeni.

Mazungumzo na mhariri wa filamu

Miaka michache iliyopita alinijia nyumbani kijana niliyemfundisha, ambaye sasa kazi yake ni kuhariri filamu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, akaniomba riwaya ya zamani inayofaa kugeuzwa filamu. Nilimpa nakala yangu ya Kufa na Kupona, iliyoshonwa kwa uzi. Alirudi baada ya wiki mbili.

"Mwalimu, nimeisoma mara mbili," alisema. "Ni nzuri. Lakini Willy anasimulia mwenyewe. Nikiyaondoa maneno yake, ninachobaki nacho ni mtu anapanda gari, anashuka, anapiga risasi. Hayo yapo kwenye kila muvi."

"Basi usiyaondoe," nilimjibu.

"Mtu akisema sana kwenye muvi, Mwalimu, wanaona tumeshindwa kuonyesha."

Nikamuuliza: "Ulipokuwa unatoroka vipindi vya mchana, ulikuwa unakwenda kutazama au kusikiliza?"

Alicheka, akainamisha kichwa. "Kumsikiliza Lufufu," alisema.

Hakuishia hapo, na hoja zake za pili zilikuwa nzito kuliko zangu. Alihesabu kwa vidole: Nairobi ya mwaka 1974 haipo tena, magari yale, mavazi yale, simu zile za kuzungusha kidole, vyote vinataka fedha ambayo soko letu halirudishi. Tena kuna haki. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi na warithi wake miaka 50 baada ya kifo, na kuwafikia warithi ni safari ya peke yake. Nikamwambia, kwa nini msihamishie kisa wakati wetu? Akanipa jibu lililonifanya ninyamaze: "Nikimpa Willy simu ya mkononi, Mwalimu, nusu ya kitabu inaisha ukurasa wa kumi."

Ni kweli. Mikasa ya zamani ilisukwa kwa kuchelewa kwa habari. Barua haijafika, simu haipokelewi, anayejua siri yuko mji mwingine. Ukiondoa kuchelewa huko, huna kisa. Ndiyo maana naamini riwaya hizi zitengenezwe katika wakati wake au ziachwe. Filamu hiyo haijapigwa. Nakala yangu alinirudishia, pamoja na picha alizopiga za kila ukurasa.

Njia ya Mwalimu Nyerere

Tunao mfano wa kuhamisha kazi kutoka makazi yake bila kuiua. Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare mara mbili, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, naye alifanya hivyo kwa mashairi yasiyo na vina, akiihifadhi mizani. Kiswahili chetu kimezoea vina kama chai ilivyozoea sukari, na wapo walioshangaa. Lakini alijua hasa alichotaka kukiokoa: mwendo wa sauti ya mtu anayesema jukwaani. Akakubali kupoteza kingine ili hicho kibaki.

Nasi tukipewa riwaya pendwa tujiulize swali hilohilo. Katika Bwana Msa, cha kuokoa ni mabishano. Filamu yake isiogope vyumba vya kukaa watu wanne wakizungumza. Isogeze kamera karibu na mdomo, na Kiunguja kiachwe kifanye kazi ya bastola. Katika Willy Gamba, cha kuokoa ni majigambo yake. Huyo apewe sauti juu ya picha, sauti ya mtu anayejisifu na kujicheka kwa pamoja, kama walivyofanya watafsiri wa vibandani. Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979 na inayosimulia maisha ya makuli hadi mgomo wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948, cha kuokoa ni sauti za wengi: kelele za gati, amri, nyimbo za kubebea mizigo. Kila kitabu kina sauti ya aina yake, na mtengenezaji akiipata hiyo, sura tano zikipotea sitalia.

Wala si lazima tuanze na filamu. Gharama alizozihesabu yule kijana ni za picha; sauti ni rahisi. Riwaya inayosomwa vizuri na kurekodiwa, ikiwa na vishindo vichache vya mlango na gari, inaweza kumfikia dereva wa bodaboda wa Mbagala na mama lishe wa Temeke bila kumtoa kazini. Kizazi kilichomsikiliza Lufufu hakitahitaji kufundishwa namna ya kusikiliza. Warithi wapate haki yao, msomaji apate ujira wake, na kitabu kipate masikio mapya kabla ya kupata macho.

Katika jambo hili washairi ndio ninaowategemea zaidi. Watengenezaji wa filamu wanazo kamera. Wasichokuwa nacho ni mtu anayejua neno lipi libaki na lipi lipunguzwe, mahali pa kupumua, na pale ambapo ukimya unasema. Hiyo ni kazi ya mtu aliyezoea kuhesabu mizani. Anayeijua kazi hiyo na amtafute mhariri wa filamu aliye karibu naye, hata kama hajaombwa. Na wenye nakala za Ndoto ya Mwendawazimu, Simu ya Kifo au Bwana Msa wa matoleo ya zamani, tafadhali msizifungie kabatini. Ziazimisheni kwa vijana wanaoshika kamera, mkiandika jina la mwazimaji na tarehe ya kurudisha.